Bakapu ijaribu kwa kuirudisha
Wadau mnaojifunza kazi ya databesi, bakapu kuonyesha imekamilika haitoshi, irudishe yote kwenye seva ya pembeni angalau kila mwezi, hesabu rekodi za jedwali kubwa ulinganishe na za databesi ya laivu inayotumika. GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, Januari 2017 injinia wao alifuta data za seva kuu kimakosa, kwenda kucheki bakapu folda tupu, kumbe pg_dump, programu ya kutoa bakapu ya databesi yao, ilikuwa ya toleo 9.2 na databesi ni 9.6, ikawa inafeli tu, na imeili za kuonya zinakataliwa njiani, wakapoteza data za kama masaa 6. Inauma sana hiyo! Alafu ukirudisha andika imechukua muda gani, maana mfumo ukilala hilo ndo swali la kwanza la bosi.