Namna ya Kuichambua Safari ya Didier Deschamps

Ukitaka kumwelewa Didier Deschamps, aliyekuwa nahodha na baadaye kocha wa timu ya taifa ya Ufaransa, usianze na orodha ya makombe yake, bali anza na mechi moja: fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1998, ambayo Ufaransa iliifunga Brazil mabao 3-0. Itazame mara mbili. Mara ya pili acha kuufuata mpira, umfuate nahodha huyo peke yake, hasa baada ya Marcel Desailly kutolewa kwa kadi nyekundu katika dakika ya 68, uone anavyoziba mianya, anavyowapanga wenzake na anavyotoa pasi fupi zisizo na mbwembwe. Kazi hiyo haionekani kwenye takwimu za mabao, na kwa maoni yangu ndiyo inayomweleza kuliko kombe lolote.

Kisha pitia haraka klabu alizochezea, kuanzia Nantes, Marseille na Juventus hadi Chelsea na Valencia, halafu kaa zaidi kwenye ukocha: Monaco, aliyoifikisha fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2004, na Juventus, aliyoipandisha daraja mwaka 2007.

Hapo ndipo uilinganishe fainali ya 1998 na ile ya 2018 dhidi ya Croatia, safari hii akiwa kocha wa Ufaransa. Simamisha video kwenye dakika ya 55, Ufaransa ikiongoza kwa mabao 2-1, anapomtoa N'Golo Kanté, kiungo mkabaji kama alivyokuwa yeye, ambaye tayari alikuwa na kadi ya njano, na kumwingiza Steven Nzonzi. Kabla hazijapita dakika nyingi, Pogba na Mbappé walikuwa wameifungia Ufaransa.