Hilux 3L inamisi, haina nguvu au asubuhi haitaki kuwaka: anzia hapa kabla hujaruhusu pampu ishushwe

Kama una Hilux ya zamani yenye 3L, ile dizeli ya cc 2779 isiyo na tabo wala kompyuta, una bahati, maana karibu kila ugonjwa wake unaupima mwenyewe kwa spana, testa na kipande cha mpira. Shida ni kwamba ukimwambia fundi tu "haina nguvu", wengi jibu lao ni moja, pampu hiyo bosi tuishushe. Pampu, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye silinda, ndio inakula hela kuliko vyote na mara nyingi wala haina kosa, kwa hiyo mi naiweka mwisho kabisa.

Kwanza jua inasumbua saa ngapi. Ikiwa ya baridi tu? Ikishapata moto? Au ikiwa na mzigo kwenye mlima? Ukienda gereji bila majibu ya hayo unamwachia fundi abahatishe kwa hela yako.

Tuanze na ile ya asubuhi, unapiga stata wee, inakohoa kohoa ndio inashika. Hapo ni upepo kwenye mafuta au hita plagi, zile plagi zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha. Kesho yake kabla hujapiga stata, nenda kwenye filta ya dizeli, juu yake kuna pampu ya kubonyeza kwa mkono, ibonyeze. Ukikuta ni laini, unabonyeza mara nyingi ndio inakaza, halafu gari ikawaka kirahisi, hita plagi ziache zilivyo, upepo ndio unaingia.

Na hapa ndio watu wanapotea. Hii gari haina pampu kwenye tenki, pampu ya ingini yenyewe inavuta dizeli toka kule nyuma, sasa mpira ukichanika kidogo ingini ikiwa inatembea dizeli haimwagiki, ila hewa inavutwa ndani. Unainama chini ya gari, pakavu kabisa, unasema hamna liki. Ya kwangu fundi alishaniandikia na bei ya kufungua pampu. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kipande cha ule mpira wa kuonea ndani wanaopimia levo, nikaufunga katikati ya filta na pampu, nikawasha. Mapovu yanapita kama soda. Nikaanza kurudi nyuma kiungo kimoja kimoja, kumbe ni mpira mfupi karibu na tenki, umekauka na klipu yake imelegea. Nilikata sentimita mbili za mwisho, nikaweka klipu mpya, basi. Huo mpira wa kuonea ni wa kupimia tu lakini, usiuache humo, joto la ingini na dizeli vinauharibu.

Kama hutaki kutafuta kiungo kwa kiungo, chukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi, lifunge mahali juu kuliko ingini na lisiweze kudondoka, toa mpira unaotoka tenki kwenye filta, weka wa kutoka kwenye dumu, na ule wa kurudisha mafuta nao uingize humo humo, toa upepo halafu washa. Ikitulia vizuri, ugonjwa uko kati ya tenki na filta. Ikiendelea na vituko vyake, ndio uanze kufikiria filta yenyewe, nozeli (vile vinavyonyunyizia dizeli ndani ya silinda) na pampu. Halafu kuna kitu cha kijinga sana, kifuniko cha tenki. Kama gari inapoteza nguvu baada ya kutembea muda, simama ukifungue, ukisikia fyuuu na gari ikarudi kuwa nzima, kitundu chake cha hewa kimeziba.

Hita plagi zenyewe ni rahisi, ondoa ile bati inayoziunganisha, unga waya mmoja wa taa ya testa kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka plagi ni nzima, isipowaka imekufa. Moja ikifa Dar unaweza usijue, ila kwenye baridi ya Njombe mwezi wa saba utajua tu.

Kama inazunguka vizuri na haiwaki kabisa, angalia ekzosi wakati mtu anapiga stata. Hamna hata moshi kidogo? Basi mafuta hayafiki. Washa swichi usikilize kwenye pampu, selinoidi ya kukata mafuta inatakiwa ilie "tak". Ikiwa kimya pima waya wake kama una moto wa 12V kabla ya kununua nyingine.

Kumisi sasa, yaani silinda moja haifanyi kazi na ingini inatetemeka. Ingini ikiwa inanguruma bila kukanyaga mafuta, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa spana 17, kidogo tu, weka kitambaa juu na usiweke kidole wala uso hapo maana ile presha inatoboa ngozi. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi, kaza uende ya pili. Ukilegeza na mlio haubadiliki, umempata mvivu. Hamisha nozeli yake kwa jirani, na kila nozeli inayotoka iwekewe washa mpya ya kopa. Ugonjwa ukihama, ni nozeli. Ukibaki pale pale, ni valvu au kompresheni, yaani hewa kubanwa ndani ya silinda, na dizeli bila kompresheni haina kitu, hii inabana 22 kwa 1 na moto wote unatokea hapo.

Moshi nao unasema. Mweusi, toa kwanza filta ya hewa uone vumbi la humo, ndio ulaumu nozeli. Wa bluu ni oili inaungua, fungua kifuniko cha oili ukigeuze ukiweke juu ya tundu ingini ikiwa inaunguruma, kikirukaruka na kuanguka, ringi za pistoni zimechoka. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli na hauishi hata ikipata moto, waza taimingi (muda ambao pampu inapiga mafuta) au kompresheni ya silinda moja, na kama rejeta inapungua maji bila kuvuja, waza gasketi ya hedi.

Taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu na pampu, inabadilishwa kila kilomita 100,000, kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inakukumbusha, ila hiyo taa inafuata kilomita za dashibodi, na pikapu nyingi za huku kilomita zilishakufa zamani.