Kuchagua gari dogo lililotumika kwa safari za mjini

Anayetafuta gari la kwenda kazini kutoka Mbezi hadi Posta, Dar es Salaam, hana haja ya injini kubwa. Toyota Vitz ya cc 1000 au IST ya cc 1300 inatosha kabisa, na vipuri vyake hupatikana Kariakoo bila kuhangaika. La kutazama zaidi ni upoaji wa injini, kwa kuwa katika foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana hakuna upepo wa kuisaidia rejeta. Liwashe gari likiwa la baridi, uliache lingurume dakika 20 na kiyoyozi kikifanya kazi, ukisikiliza kama feni inaanza yenyewe na kuangalia kama taa nyekundu ya joto inabaki imezimika.

Kisha inua kapeti chini ya kiti cha dereva: tope kavu, au kutu kwenye reli za kiti, ni dalili kwamba gari liliwahi kuingiwa na maji ya masika, na la namna hiyo mimi nisingelichukua hata kwa nusu bei, maana viungio vya nyaya huendelea kuliwa na kutu polepole. Lililokuwa likilala karibu na bahari likaguliwe uvunguni kama lina kutu ya hewa ya chumvi. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi ya usajili wa gari.