Somo: Kukuza bonsai ndani ya nyumba kwa mbegu na vijiti, kwa miti yetu wenyewe

Assalaam alaykum jamani, hili ndo lile somo la bonsai watu walokuwa wakiliulizia, nimeliandika lote pamoja ili kila mtu alisome kwa nafasi yake, maswali tupieni huko chini.

Kwanza tuweke sawa jambo moja maana ndo linalowaliza wengi. Hakuna mti unaoitwa bonsai na hakuna mbegu ya bonsai. Bonsai ni mti wa kawaida kabisa, ukiuwacha shamba utakuwa mkubwa, ila umetiwa kwenye chombo kidogo ukakatwa na kuongozwa mpaka ukapata sura ya mti mzima wa makamo. Ufundi wenyewe umetoka China, Wajapani wakauchukua wakaufikisha ulipo leo. Sasa vile vipakiti vya mbegu vinavouzwa mtandaoni vina picha ya mti mwekundu unapendeza, ndani yake mara nyingi ni misonobari na miti mengine ya nchi za baridi, na miti ile lazima kila mwaka ipate baridi kali ipumzike, hata mbegu zake nyingi haziamki mpaka zikae kwenye baridi wiki kadhaa. Kipupwe chetu hapa Zanzibar hakifiki huko hata kidogo. Zikiota zitakwenda kwenda kisha zitachoka. Mie nasema pesa hiyo bora utafutie chombo kizuri.

Na kinachonifurahisha ni kuwa wenzetu wa Ulaya wakitaka bonsai ya kukaa ndani wanatafuta miti ya joto, kwa sababu miti yao wenyewe ndani haikai. Yaani fikasi, mkwaju, bogenvilia, hivi hivi tunavyopita navyo njiani kila siku. Sisi tuna kila kitu, tunakosa subira tu na mwanga.

Mti gani uanze nao

Kama hujawahi kabisa, anza na fikasi, ile yenye majani madogo ya kung'aa inayopandwa kwenye mabustani. Inashika kwa kijiti, inastahamili ndani kuliko mengine yote, ukikosea kukata inachipua tena. Mkwaju ndo mimi nauweka juu kwa uzuri, majani yake madogo kwa asili yake kwahivo hata mti wa shubiri moja unaonekana mti kweli, ila unataka jua. Mbuyu kwa mbegu, unanenepa shina mapema. Mkomamanga, mhina na bogenvilia kwa vijiti. Mvinje nao unafaa ila ukikaukiwa na maji mara moja tu ndo basi, kwa hiyo si wa mwanafunzi. Mwembe na mfenesi wacheni, majani makubwa hayo hayatokaa yalingane na mti mdogo.

Udongo, hapa soma polepole

Wengi wanaua mti hapa na wanadhani wameua kwa maji. Chombo cha bonsai ni kifupi, maji yanatuama chini, kwa hiyo ukitia kinamo au udongo mweusi wa shambani peke yake mizizi inakosa hewa inaoza. Unataka mchanganyiko wa chembechembe, maji yapite yatoke chini papo hapo lakini chembe zibaki na unyevu.

Mie natumia vigae vya vyungu na matofali ya udongo ya kuchoma, napondaponda mpaka vipande vinakuwa vya ukubwa wa punje ya mahindi kushuka chini, kisha nachekecha ule unga wote nautupa maana unga ndo unaoziba. Hii sehemu mbili. Sehemu moja makumbi yaliyochambuliwa, sehemu moja samadi ya mbuzi iliyooza vizuri ikawa haina harufu, na gao moja la mkaa uliopondwa.

Angalieni mambo mawili ya kwetu hapa. Makumbi ukichukua yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba, yamejaa chumvi. Yaloweke maji baridi, mwaga, loweka tena, rejea mara kadhaa ndani ya siku chache. Na mchanga wa pwani usitie kabisa, wala kokoto za mawe yetu, maana vyote vile ni chokaa, na chokaa inazuia mti usipate madini ya chuma hata kama yamo kwenye udongo.

Kuotesha mbegu

Mbegu ya mkwaju toa kwenye ukwaju mbivu, isiwe iliyopikwa. Osha nyama yake yote inayonata. Ganda lake gumu, kwahivo chukua msasa uikwaruze upande mmoja mpaka uone weupe kidogo, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi ilofura panda, isiofura ikwaruze tena. Ifukie sentimita moja hivi, udongo uwe na unyevu usiwe tope, kwenye wiki moja mpaka mbili utaona inanyanyua kichwa. Mbuyu ni hivo hivo ila maji yawe ya moto, yaliyotoka kuchemka umeyaepua, tia mbegu uziwache humo mchana na usiku, na zenyewe hazioti pamoja, moja leo nyengine baada ya wiki, usiharakie kumwaga udongo.

Mche ukishakuwa na majani ya kweli, yaani yanayofuata baada ya yale mawili ya mwanzo, ung'oe kwa upole, ule mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja upunguze theluthi, upande tena. Hapo utatoa mizizi ya pembeni, na mizizi ya pembeni ndo inayoufanya mti ukae kwenye bakuli fupi.

Vijiti

Wakati wake mzuri ni masika, hewa ina unyevu na kijiti hakikauki. Kata tawi la unene wa penseli, urefu sentimita 10 mpaka 15, ukate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa kisu kikali. Majani ya chini toa yote, ya juu bakisha mawili matatu na kama makubwa yakate nusu. Fikasi itatoa maziwa, ioshe mpaka yakome, na ukimaliza osha mikono usijifute macho. Chomeka, mwagia, funika na chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, weka pahala penye mwangaza lakini jua lisiipige, maana jua likipiga ile chupa unakipika kijiti. Wiki tatu mpaka sita. Usikivute kila siku kuangalia mizizi jamani, vile vizizi vya mwanzo vinakatika.

Dawa ya unga ya kuotesha mizizi ipo kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo, ukipata tia, usipopata fikasi na mkomamanga havina shida nayo.

Na siri hii kwa wenye haraka: bogenvilia na fikasi hata kipande kinene kinashika. Mtu akipogoa ua lake muombe gogo la unene wa kifundo cha mkono, likishika umeruka miaka ya kusubiri shina.

Kunenepesha kabla ya kupunguza

Mche mdogo ukiutia kwenye bakuli la bonsai siku ya kwanza utabaki kijiti miaka yote. Shina linanenepa mti ukiwa na mizizi mingi na majani mengi. Kwahivo miaka miwili mitatu ya mwanzo ukae kwenye ndoo au chungu kikubwa, juani, ule ushibe. Ukishanenepa ndo unaukata juu, unachipua, unachagua tawi moja liwe kilele kipya. Watu hawapendi kusikia hii lakini bonsai yenye shina zuri haina njia nyengine.

Kisha bakuli. Liwe na matundu, ukilipata la udongo halina matundu toboa taratibu na maji juu. Ziba matundu kwa kipande cha chandarua, ufunge mti na waya usitikisike. Mizizi unayoipunguza isizidi theluthi, na uweke kivulini wiki mbili.

Waya

Waya wa shaba wa umeme ule wa nyaya za zamani ni mzuri sana. Menya plastiki, uchome mpaka uive mwekundu, uwache upoe, unakuwa laini. Unene wake uwe kama theluthi ya tawi unalolikunja. Zungusha kwa mshazari, usibane. Hapa kwetu miti inakua mwaka mzima kwa hiyo waya unazama ndani ya gamba upesi, kagua kila wiki, na ukiona umeanza kuingia ukate vipande vipande, usiufungue kwa kuuzungusha utavunja tawi.

Kupogoa ni rahisi: tawi la fikasi liache lifike majani sita au manane, rudisha mpaka mawili. Endelea hivo hivo na matawi yanajaa, majani yanapungua ukubwa yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mji Mkongwe): Maalim, nyumba zetu kuta nene na madirisha madogo, ndani giza mchana. Mie mti nitauweka wapi?

Jibu: Dada yangu swali zuri maana hapa ndo penyewe. Mwanga tunaouona sisi unatutosha, mti unautaka mara nyingi zaidi ya huo, hatua mbili kutoka dirishani tayari ni njaa. Weka pale pale kwenye kizingiti cha dirisha. Na ujue jua letu linahama: kuanzia mwanzo wa Machi mpaka mwanzo wa Oktoba saa sita mchana liko upande wa kibla yaani kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini. Kwahivo dirisha la kibla linafaa nusu moja ya mwaka na la kusini nusu ya pili. La mashariki halina neno mwaka mzima, jua la asubuhi ni zuri. Kama una roshani au ua wa ndani, mti ukae huko, uuingize sebuleni siku mbili tatu wakija wageni kisha uurejeshe. Taa ya LED nyeupe pia inasaidia, iwe karibu, shubiri moja mpaka mbili juu ya mti, saa 12 kwa siku.

Swali (Michenzani): Mkwaju wangu una miezi mitatu, kila magharibi majani yanajikunja yote yanaonekana yamekufa, asubuhi yanafunguka. Ni maradhi?

Jibu: Mzima huo kaka. Mkwaju ndo tabia yake kulala usiku. Ukiona mchana kweupe pia umejikunja basi hapo angalia maji.

Swali (Wete): Shikamoo maalim. Sie huku Pemba mali yetu mikarafuu, siwezi kufanya bonsai ya mkarafuu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Unaweza kuuweka kwenye chungu ukawa mti mdogo, lakini bonsai utakusumbua. Hautaki kuguswa mizizi na kijiti chake hakishiki kwa urahisi. Ukitaka kujaribu tumia mpeta mbichi, yaani tunda la mkarafuu lililoiva, uliotoka mtini siku hiyo hiyo, menya ganda la nje, panda, maana mbegu yake ikikauka imekufa. Uwache mzizi wake kwa muda mrefu kabla hujaupunguza, na upunguze kidogo sana.

Swali (Kiembesamaki): Majani ya fikasi yangu yamekuwa manjano lakini mishipa bado kijani. Namwagia maji ya kisima kila siku asubuhi na jioni.

Jibu: Hiyo dalili ya kukosa chuma, na kisima cha kwenye mawe yetu maji yake yana chokaa. Ukiona na ukoko mweupe kwenye ukingo wa bakuli ndo umehakikisha. Kinga maji ya mvua, weka kwenye madumu, tumia hayo. Na wacha ratiba ya asubuhi na jioni: tia kidole mpaka kifundo cha kwanza, pakiwa pakavu mwagia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu uwache. Feni na eisii zinakausha upesi kwa hiyo nyumba na nyumba si sawa.

Mwanachama mwengine (Fuoni): Naongezea, mie nimefanya hivo hivo kwa maji ya mvua ya bati, majani mapya yametoka kijani ila yale ya zamani hayakurudi.

Jibu: Kweli kabisa, ya zamani hayarudi, angalia mapya.

Swali (Chake Chake): Mama hataki mbuyu ndani ya nyumba, anasema mbuyu una wenyewe. Nifanyeje na umeshaota?

Jibu: Mama asikilizwe. Mpe mtu mwenye ua mkubwa aupande, wewe panda mkomamanga au mhina, maua ya mhina yakifunguka nyumba nzima inanukia naye atakuombea dua. Na ukija kuweka adeniamu siku moja ile yenye shina nene na maua ya waridi, iwe juu mbali na watoto, utomvu wake ni sumu, watu walikuwa wakipakia mishale.

Swali (Jambiani): Hivi kweli mti unaweza kuishi miaka mingi ndani ya bakuli? Naona unateswa.

Jibu: Ukitunzwa unaishi. Kuna msonobari wa familia ya Yamaki wa Hiroshima ulioanza kutunzwa mwaka 1625, bomu la 1945 liliupita ukiwa nyuma ya ukuta wa bustani yao, na mwaka 1976 ukapelekwa Marekani zawadi, mpaka leo uko Washington. Mti unaoteswa haufiki huko. Unapata udongo mpya, mizizi inasafishwa, wadudu wanatolewa. Nikitaja wadudu, ukiona vidudu vyeupe vya ungaunga kwenye makwapa ya matawi, pangusa na maji ya sabuni, rejea baada ya wiki.

Swali (Mkoani): Msimu wa karafuu nakwenda shamba wiki mbili, nyumbani hamna mtu. Vitakufa?

Jibu: Bakuli lisikae juu ya meza peke yake. Chukua beseni, tia mchanga wa mto uliolowa maji mengi, uyakalishe mabakuli juu yake kivulini penye mwangaza, ufunike na mfuko mweupe uliotobolewa. Wiki moja hiyo inavuka, mbili hapana, kwahivo muachie jirani ufunguo aje katikati, na umuonyeshe namna ya kupima udongo kwa kidole kabla hujaondoka, usimwambie tu amwagie, maana jirani mwenye huruma anamwagia kila akipita.