Mfugaji wa vizimba, soma maji kabla ya kumwaga chakula

Wafugaji wengi wa sato kwenye vizimba (nyavu zinazoelea ziwani) katika Ziwa Victoria, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, wanajua bei ya chakula hadi shilingi ya mwisho, lakini maji yenyewe hawayapimi. Hasara nyingi huanzia hapo, na ziwa nalo huumia.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua sahani nyeupe ya bati, ifunge kwenye kamba yenye alama kila sentimita 10, itundikie jiwe, kisha izamishe taratibu mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli. Inapopotea machoni, soma kamba. Ikipotea kabla ya nusu mita na maji ni ya kijani, mwani (mimea midogo sana inayoelea majini) umezidi. Mwani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huitumia, hivyo hewa ndani ya maji hupungua kuliko wakati wote karibu na mapambazuko. Sato walioonekana wazima jioni wanakutwa wanaelea asubuhi, na mfugaji anadhani amelogwa au ametiliwa sumu.

Kwa hiyo fika kizimbani alfajiri. Ukiwakuta wamejaa juu, midomo wazi, wanatweta, usiwape chakula mpaka jua lipande na warudi chini. Mwenye kifaa cha kupimia asilishe oksijeni ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita.

Mwani huo unalishwa na nini? Mbolea ya mashambani, maji machafu ya mjini yanayoshuka na Mto Mirongo, na pia chakula chetu kinachozama bila kuliwa. Hiki cha mwisho kiko mikononi mwetu. Pima uzito wa samaki wachache kila baada ya wiki mbili, kisha piga hesabu: sato 5,000 wa gramu 100 ni kilo 500, na kwa asilimia 3 ya uzito huo wanahitaji kilo 15 kwa siku. Chekecha vumbi kabla ya kulisha, mwaga kidogo kidogo, na wakiacha kugombania, simama hapo hapo hata kama ndoo haijaisha. Kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya uzito unaoongezeka ni kiwango kizuri. Ukifika kilo mbili, unalisha tope.

Kizimba kisiwekwe kwenye kighuba kilichotulia kwa sababu tu ni rahisi kukilinda. Tafuta mahali maji yanapotembea, na chini ya wavu pabaki angalau mita 3 kufika sakafu ya ziwa. Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huchanganya ziwa na kupandisha maji ya chini yasiyo na hewa. Miezi hiyo punguza idadi ya samaki kizimbani.

Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Tafadhali yaacheni matete na mafunjo yasimame, maana huchuja tope na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, huzaliana humo.

Samaki aliyekufa haachwi majini wala hapewi wenzake. Mtoe siku hiyo hiyo, mfukie mbali na ufuko, umwagie chokaa. Wakifa wengi kwa ghafla, wachache waliokufa punde waweke kwenye barafu kwa ajili ya uchunguzi, wasigande, na umpigie afisa uvuvi wa kata kabla ya kufukia waliobaki.