Kufufua Raleigh ya mbio ya chuma na kuifunga vifaa vya kisasa

Baiskeli inayozungumziwa hapa si ile Raleigh nyeusi ya tairi za inchi 28 ambayo wazee wetu waliibebea magunia, bali ni ndugu yake mwembamba wa mbio, mwenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, aliyetoka Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1970 na 1980. Zile bora zilijengwa kwa mabomba ya Reynolds 531, chuma chenye manganizi na molibdeni kilichoingia sokoni mwaka 1935, na fremu zake bado zinapokea giya za leo, mradi upime kabla ya kununua chochote. Mimi nilianza kwa kununua gurudumu la nyuma, na usiku uleule nikagundua kwamba haliingii.

Vua kila kitu ibaki fremu na foki, kisha itoe juani. Pitisha kidole chini ya bomba la shingo, yaani lile fupi la mbele ambamo foki inapita, pale linapoungana na bomba la chini; rangi iliyojikunja hapo kama utando wa maziwa ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na fremu ya namna hiyo haistahili pesa zaidi. Kutu ya juujuu si tatizo. Kinachokorofisha ni nguzo ya kiti ya alumini, ambayo ikikaa ndani ya chuma bila grisi kwa miaka mingi huganda kabisa. Mimina mafuta ya kulegeza kutu, acha yanywee usiku kucha, urudie kesho yake, na nyundo iweke mbali. Yangu ilichukua siku nne.

Sasa chukua vernia, kipimo cha kupimia milimita, upime nafasi kati ya masikio ya nyuma, yaani pale ekseli inapokaa. Fremu za friwili (seti ya meno ya giya ya nyuma) ya giya tano huwa na milimita 120, za giya sita huwa na 126, ilhali habu, yaani vitovu vya magurudumu, za kisasa za giya nane hadi kumi na moja zenye breki za rimu huhitaji 130. Chuma hukubali kupanuliwa bila moto, jambo ambalo usilijaribu kamwe kwa alumini au kaboni. Tumia ubao mrefu unaoegemea bomba la kiti, ukandamize upande mmoja kwa wakati, kidogo kidogo, kwa kuwa chuma hurudi nyuma kila unapokiachia. Kisha funga uzi kwenye sikio la kulia, uzungushe mbele ya bomba la shingo, uurudishe hadi sikio la kushoto na kuukaza. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti inapaswa kulingana pande zote mbili. Upande wangu wa kushoto ulitii mara moja, wa kulia ukanisumbua mchana mzima. Ukimaliza, ipeleke fremu kwa fundi mwenye kifaa cha kunyoosha sikio linaloshika kibadilisha giya, maana likipinda kidogo tu giya hazitakaa.

Krenki ndiyo mtego wa Raleigh. Baiskeli nyingi za Uingereza zina thredi (mikato ya skrubu) 24 kwa inchi kwenye ganda la krenki, yaani bomba fupi ambamo ekseli ya pedali inapita, lakini nyingi za Nottingham zilikatwa thredi 26, na kikombe kipya, kile kinachoshika gololi za ekseli, ukikilazimisha kitaharibu fremu. Hesabu kwa geji ya thredi. Ukikuta 26, baki na vikombe vya asili, ununue ekseli mpya na gololi 11 za robo inchi kwa kila upande. Kumbuka pia kwamba kikombe cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha mazoea.

Magurudumu ya zamani ya inchi 27 yana rimu ya kipenyo cha milimita 630, na ya 700C, saizi ya baiskeli za mbio za leo, yana 622, kwa hiyo mpira wa breki utalazimika kushuka milimita 4. Pima kutoka tundu la bolti ya breki hadi rimu kabla ya kuagiza breki zenye mikono mirefu zaidi, na uchague zile zinazofungwa kwa nati ya nje.

Vishikio vya giya vya bomba la chini vikiondolewa, mahali pake hufungwa vishikizo vya waya, nawe unaweza kutumia vishikio vya usukani vya breki na giya pamoja, mfumo ambao Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, iliuleta mwaka 1990. Binafsi naona giya nane zinatosha. Mnyororo wake ni mnene na bei yake ni nafuu.

Rangi ya asili iache kama maandishi bado yanasomeka. Paka grisi kila thredi, nyunyiza mafuta ndani ya mabomba, na baada ya kilomita 50 za kwanza rudi ukaze krenki na waya za giya, ambazo kwa kawaida huwa zimelegea.