SOMO: Kuchukua sampuli ya udongo kabla ya kununua chokaa

Wakuu, kila mvua zikikaribia swali ni lile lile: "nitie mifuko mingapi?" Naweka somo hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Fanyeni Septemba au Oktoba ili majibu ya maabara, iwe TARI Uyole (taasisi ya utafiti wa kilimo, Mbeya) au kwingine, yawahi mvua za Novemba.

1. Gawa shamba. Mteremko, bonde, udongo mwekundu, mweusi: kila sehemu na sampuli yake.

2. Vifaa: jembe safi, ndoo ya plastiki, mfuko safi. Mfuko uliobeba mbolea hapana, hata ukioshwa.

3. Tembea zigizaga, chimba sehemu 15 hadi 20. Ruka vichuguu, zizi la zamani, njia na palipochomwa majani.

4. Kina. Hapa ndipo sampuli nyingi zinaharibika. Ondoa majani, chimba shimo la umbo la V hadi sentimita 20, kisha kata ukutani kipande chenye unene wa sentimita 2 au 3, kutoka juu mpaka chini. Punguza kingo ubaki na ukanda wa katikati wenye upana wa sentimita 2 au 3 pia. Ukichota tu kwa jembe unabeba udongo mwingi wa juu, wenye mboji na mabaki ya mbolea, na karatasi ya majibu itakusifia rutuba usiyokuwa nayo. ANGALIZO: mashimo yote kina kimoja, na usichimbe kwenye mstari uliowekwa mbolea. Ekari moja kwa kina hicho ina karibu tani 1,000 za udongo, nawe unapeleka nusu kilo.

5. Changanya, vunja mabonge, tandaza, gawa robo nne, tupa mbili zinazotazamana. Rudia mpaka ibaki nusu kilo.

6. Anika kivulini. Lebo andika kwa penseli.

MASWALI

Mdau wa Mbozi: Mkuu sina muda wa hayo yote. Ekari moja mifuko mingapi?
Jibu: Haijulikani bila kupima. Mfinyanzi wa pH 4.8 (pH ni kipimo cha uchachu; ikishuka, udongo ni mchachu zaidi, na chokaa huipandisha) unakula chokaa nyingi kuliko kichanga cha pH hiyo hiyo. Anza hatua ya 1.

Mdau wa Mbozi: Mbona jirani katia kumi na kavuna?
Jibu: Kwa udongo wake.

Mama Tukuyu: Samahani mwalimu, ndoo ya bati ina shida gani?
Jibu: Umeuliza vizuri mama. Bati limepakwa zinki, na chembe kidogo tu zinaficha upungufu wa zinki ambao mahindi yanauumia sana. Halafu kwa huko kwenu, udongo wa volkano hukamata fosforasi, kwa hiyo mbolea ya kupandia iwekwe shimoni, isimwagwe shamba zima. Chai usiitie chokaa, inapenda pH 4.5 hadi 5.5.

Kijana wa Makambako: Majivu je?
Jibu: Yanapandisha pH, ila nguvu yake hutegemea kuni. Usiyachanganye na mbolea za urea wala DAP, nitrojeni itapotea hewani kama amonia. Chokaa nayo hivyo hivyo: itangulie wiki kadhaa kabla ya kupanda, ifukiwe. Acha mistari minne bila chokaa, uvune na kupima kando ili ulinganishe.